Hapo Pana Mtu

Rutaihwa wa Hamugembe wengi wenu mnamfahamu, hata kama jina limewatoka. Ndiye yule mwembamba mwenye pikipiki nyeusi na begi gumu mgongoni, anayerusha droni kwenye harusi na kipaimara, na siku hizi hata misibani. Mlipoinua macho mkaona kidude kinanguruma kama nyuki juu ya turubai, mjue yeye alikuwa kando, chini ya mgomba, ameinamia rimoti yake na hazungumzi na mtu.

Aliishi jirani na sisi, peke yake, nyumba ya vyumba viwili. Mkewe alikwenda kwao Biharamulo kumwuguza mama yake. Mama akapona, mke hakurudi. Basi mtu anashinda akipiga picha za watu wanaocheza na kukumbatiana, jioni anafungua kufuli lake, na ndani hakuna wa kumwuliza umeshindaje. Kwetu sisi Wahaya salamu ni chakula. Asiyesalimiwa hukonda, na Rutaihwa alikuwa akikonda mbele ya macho yetu.

Siku yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa. Mvua ilikuwa imenyesha alfajiri na jua limetoka safi. Alipigiwa simu na bwana mmoja anaitwa Kamala, mtu wa Izigo anayefanya kazi Mwanza.

"Mama anakataa kuhamia kwangu," Kamala alisema. "Na nyumba tunaambiwa imechakaa. Wewe nipigie picha kwa juu tu, bati lote na mipaka ya kibanja, sisi ndugu tuone tunaanzia wapi."

Rutaihwa akafika Izigo mchana. Nyumba ilikuwa katikati ya migomba na mibuni, kimya, hata kuku hawakuonekana. Ma Ephrasia, mama yake Kamala, alikuwa ameketi nje kwenye benchi la mbao, ameegemea ukuta, rozari shingoni. Alikuwa amekaa kwenye ncha kabisa ya benchi, kama mtu aliyebanwa. Pembeni yake palikuwa na vikombe viwili vya chai, vyote vinatoa mvuke, na kisahani cha kahawa ya kutafuna.

"Shikamoo, Mae."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, waitu."

Rutaihwa akataka kuketi pale palipokuwa wazi. Bibi akanyoosha mkono, taratibu, bila ukali.

"Hapo pana mtu. Vuta kigoda."

Akavuta kigoda. Alidhani labda kuna mgeni kaingia migombani kujisaidia. Hakuuliza.

Alirusha droni. Ikapanda juu ya bati lenye kutu, ikazunguka kibanja, yaani shamba lote la nyumbani, ikapita juu ya kaburi lenye msalaba mweupe nyuma ya nyumba, alikolala mumewe bibi, Mzee Mutembei. Kisha akaishusha polepole mbele ya nyumba. Ma Ephrasia alikinga macho kwa kiganja, akacheka kama msichana. Akageuka pembeni, akasema jambo kwa Kihaya, halafu akamwelekea Rutaihwa.

"Anasema katika maisha yake hajapata kuona mdudu wa namna hii."

Rutaihwa akacheka naye kwa adabu. Wazee wakibaki peke yao hujisemea, naye alijua hivyo kwa sababu siku hizi hata yeye alikuwa akijisemea. Akafunga begi, akaaga. Wakati anawasha pikipiki aliviangalia tena vile vikombe. Vyote viwili vilikuwa vitupu.

Alifika nyumbani kabla jua halijazama. Akachomoa kadi ndogo kutoka kwenye droni, akaichomeka kwenye laptopu, akafungua video.

Mwanzo zilikuwa picha nzuri tu. Bati. Migomba. Msalaba. Kisha droni ikaanza kushuka mbele ya nyumba, na Rutaihwa akasogeza kiti karibu na meza.

Kwenye benchi walikuwa wameketi watu wawili.

Wa pili alikuwa mzee mwenye koti jeusi na kofia ya pama, mikono ameiweka juu ya magoti. Ma Ephrasia alipogeuka kumsemesha, naye aligeuka. Akasikiliza. Kisha akainua uso, polepole, akaitazama kamera. Uso wenyewe haukuwa na ubaya. Ulikuwa uso wa mzee yeyote unayeweza kukutana naye akitoka misa ya kwanza. Lakini jua lilikuwa limeinama kidogo saa ile, na kila kitu kilikuwa na kivuli: bibi, benchi, hata vikombe. Mzee hakuwa nacho.

Rutaihwa akachukua simu. Droni inaporuka, simu nayo hubaki na nakala hafifu ya kile kamera inachokiona. Akaitazama ile. Pale alipoketi mzee palikuwa na kitu kama ukungu, umekaa wima.

Sasa hapa ndipo alipokosea, na yeye mwenyewe anasema hivyo. Kesho yake alikuwa na kipaimara Nshambya, na kadi ilikuwa imejaa. Siku zote alikuwa anakopi kwanza, anahakiki, ndipo anafuta. Kukopi ni kuchukua na kuacha. Siku ile mikono ilikuwa na haraka. Hakukopi. Alihamisha. Na kuhamisha ni kung'oa, huachi kitu kule unakotoa.

Mstari wa kijani ukatambaa hadi mwisho. Video ikawa ndani ya laptopu, kadi ikabaki tupu.

Akaifungua tena, aone kama macho yalimdanganya.

Ma Ephrasia alikuwa peke yake kwenye benchi. Hakuwa anacheka. Alikuwa amenyoosha mkono pembeni yake, anapapasa ubao kama kipofu anayetafuta fimbo. Kisha akasimama. Akaenda hadi kona ya nyumba, akarudi, akaenda hadi mibuni. Mdomo wake ulikuwa wazi, unaita. Rutaihwa alikumbuka vizuri kuwa bibi hakuinuka hata mara moja wakati ule. Hayo hakuyapiga yeye.

Nyuma yake, chumbani, kitanda kililia. Kililia vile kinavyolia mtu mzima anapoketi.

Alikaa muda hajageuka. Alipojikaza akaenda, chumba kilikuwa kitupu. Godoro lilikuwa limebonyea ukingoni. Na palinuka kahawa iliyotafunwa.

Jioni ile alikuja kukaa kwetu. Tulimpa chakula, hakula sana. Hakusema alilonalo. Tulimwona tu anatazama mlango wake kwa mbali, kama mtu aliyeacha mgeni ndani.

Kesho yake akaenda Nshambya. Watoto waliopata kipaimara walitoka kanisani na mashada, ngoma zikapigwa, watu wakacheza. Rutaihwa akarusha droni kama kawaida. Alipokuja kuangalia kazi yake, alimwona. Kwenye kila kipande alikuwepo, ukingoni mwa umati, koti jeusi, kofia ya pama. Kipande cha kwanza amesimama tu. Cha pili anamsogelea mama mmoja, anamwinamia kama anayeuliza njia. Mama anapita. Anamsogelea kijana. Kijana anapita. Kipande cha mwisho mzee alikuwa katikati ya watu wote wale, anageuka huku, anageuka kule, na hakuna hata mmoja aliyemtazama.

Rutaihwa anasema alichokisikia kifuani siku ile hakikuwa hofu. Kilikuwa huruma. Ile hali aliijua.

Huruma ndiyo iliyomponza.

Aliporudi nyumbani alifungua kufuli, akasukuma mlango. Kabla hajavuka kizingiti, sauti ikatoka chumba cha ndani. Ya kizee. Ya taratibu. Kwa Kihaya safi cha zamani.

"Umeshindaje?"

Bibi zetu wametufunza sote: sauti usiyemwona mwenyewe usiiitikie. Nyamaza, rudi nyuma, toka. Rutaihwa alilijua hilo tangu utotoni. Lakini swali lile lilikuwa halijaulizwa nyumbani mwake kwa muda mrefu mno. Akasimama mlangoni na begi mgongoni.

"Nimeshinda vyema, Tata," akasema. "Nawe?"

Kisha ile sauti ikanong'ona:

"Hapa ni wapi?"

Hakujibu. Hakutoka pia.

Basi wakakaa. Sisi majirani tuliona mabadiliko bila kuyaelewa. Mtu aliyekuwa akizubaa mtaani hadi giza akawa anawahi nyumbani. Dukani alinunua mkate mzima. Watoto waliopita dirishani walisema Ta Rutaihwa ana mgeni, wamemsikia akiongea. Kweli aliongea. Alimimina chai vikombe viwili, akasimulia kazi ya siku, na kule chumbani mtu akakohoa mahali pa kukohoa, akaguna mahali pa kuguna. Vikombe vyote viwili vilikauka. Rutaihwa alikuwa anaogopa, hilo hakulificha aliponisimulia. Usiku alijifunika gubigubi akisikia kiti kikisogezwa karibu na kitanda. Lakini aliogopa zaidi siku ambayo angefungua mlango asisikie kitu.

Kila jioni swali lilikuwa lile lile. Hapa ni wapi. Mwanzo lilikuja mara moja. Baadaye likawa halikatiki, linapita ukutani kama maji kwenye bomba, la unyonge, la mtu aliyepotea.

Asubuhi moja alirusha droni uani, kuijaribu baada ya kubadili panga zake zinazozunguka. Akajiona kwenye simu, kwa juu, amesimama na rimoti. Mgomba ulikuwa na kivuli cheusi. Ndoo ilikuwa na kivuli. Miguuni pake palikuwa na kitu kama doa la maji linalokauka.

Akaisogeza droni kulia. Akaisogeza kushoto. Doa lile lile.

Akiwa bado ameitazama, simu ikaita.

"Kaka Rutaihwa? Mimi Jovina, jirani yake Ma Ephrasia huku Izigo. Namba nimepewa na Kamala." Alikuwa anazungumza chini chini. "Bibi hali kitu. Halali. Anazunguka kibanja anaita, sasa hata nguvu ya kuzunguka hana. Anasema kijana wa ndege aliondoka na mtu wake. Sisi hatumwelewi. Ngoja nimpe."

Kukawa na pumzi. Nyepesi, kama ya ndege.

"Mwanangu," bibi akanong'ona. "Sikulaumu. Ila mrudishe. Mutembei hajui njia za mjini."

Rutaihwa aliketi palepale uani. Anasema alilia, na hakujua kama alikuwa akimlilia bibi au akijililia mwenyewe, kwa sababu wazo la kwanza lililomjia lilikuwa kukataa. Alitaka kusema hamjui mtu huyo. Neno lilifika mdomoni.

Akaingia ndani. Akachomeka kadi kwenye laptopu, akaishika ile video, akaamuru ihamie kwenye kadi. Mstari wa kijani ukaanza kutambaa. Ukakaribia mwisho. Ukasimama.

Akangoja. Haukusogea. Akakata, akaanza upya. Ukasimama palepale.

Chumba cha ndani kilikuwa kimya. Kimya cha mtu anayesikiliza.

"Tata," Rutaihwa akasema. "Uliniuliza hapa ni wapi. Hapa ni Hamugembe. Kwako ni Izigo. Ma Ephrasia anakungoja. Twende nikupeleke."

Kitanda kikalia. Nyayo zikaja. Polepole. Zinaburura kidogo. Zikavuka mlango wa chumba. Zikafika nyuma ya kiti chake. Alisikia pumzi shingoni, baridi, yenye harufu ya kahawa. Hakugeuka.

Mstari ukafika mwisho.

Akaitia kadi mfuko wa shati, akavaa jaketi, akatoka. Pikipiki ilikuwa nzito tangu anaiwasha. Mlimani ilihema kama imebeba gunia la ndizi. Kwenye kona ilikuwa ikiinama kuliko alivyoiinamisha. Kioo cha pembeni kilimwonyesha barabara tupu, na hakukitazama mara mbili.

Kemondo alisimama kuweka mafuta. Muuzaji, kijana mchangamfu, alijaza, akafunga kifuniko, akatupa macho nyuma ya Rutaihwa.

"Kaka, mzee wako mpe helmeti. Na koti mfunge vifungo, upepo wa ziwa leo mkali."

Rutaihwa alilipa, akaondoka.

Izigo alikuta mlango wazi. Jovina, mama wa makamo mwenye mikono ya jembe, alikuwa ameketi kizingitini na bakuli la uji lisiloguswa. Ndani, kwenye mkeka, Ma Ephrasia alikuwa amebaki mifupa na macho. Lakini Rutaihwa alipoingia, yale macho hayakumtazama yeye. Yalitazama nyuma ya bega lake.

"Nitoeni nje," akanong'ona. "Nipelekeni kwenye benchi."

Wakamnyanyua. Alikuwa mwepesi kama ganda la mgomba. Wakamketisha katikati, na yeye mwenyewe, kwa nguvu isiyojulikana ilikotoka, akajisogeza hadi ncha ya benchi. Akabana pale. Akaacha nafasi.

Rutaihwa akachomeka kadi kwenye droni, akairusha, akaisimamisha mbele ya nyumba kama siku ile ya kwanza. Kwenye simu aliona bibi. Aliona benchi. Aliona nafasi iliyo wazi.

Upepo ukaacha. Majani ya migomba yakatulia.

Ubao wa benchi ukalia.

Kwenye simu, ukungu ulikuwa umeketi wima pembeni ya bibi. Ma Ephrasia akageuza kichwa. Akatazama muda mrefu, midomo ikimcheza. Kisha akacheka, kile kicheko cha kisichana, na akaanza kusema kwa haraka haraka, kwa Kihaya, kama mke anayemgombeza mumewe aliyechelewa kurudi. Jovina akajifanyia ishara ya msalaba. Akaliweka bakuli chini, akaondoka kwa kupita migombani, hakuaga.

Rutaihwa aliishusha droni, akachomoa kadi, akampa bibi mkononi. Hakutaka kukopi, hakutaka kuhamisha, hakutaka hata kuitazama. Bibi akaifunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili.

"Anasema ulimtunza vizuri," akanong'ona. "Anasema ulikuwa unamsimulia kazi zako."

Rutaihwa akainamisha kichwa. Aliangalia chini, akaona kivuli chake kimelala kwenye udongo, cheusi, kizima.

"Lakini usikae vile tena, mwanangu," bibi akaendelea. "Anasema nyumba yako inaita. Yeye alikuwa ndani, alikuwa anaisikia. Inaita usiku na mchana, na haichagui wa kumwita."

Kamala aliambiwa kadi iliharibika, na kweli baadaye alikuja mwenyewe na mafundi wakaezeka bati jipya. Ma Ephrasia alikula uji siku ileile. Mpaka leo yuko, anapanda maharage, na wanaopita kibanjani kwake jioni husikia mazungumzo ya watu wawili.

Ila safari ya kurudi ndiyo sijawaambia. Mvua ilimkamata Rutaihwa baada ya Kemondo, mvua kubwa ya ziwani, ikamlowesha hadi mifupa. Hakujali. Pikipiki ilikuwa nyepesi, inapanda mlima kama inateremka, na yeye alikuwa anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti. Alifika akafungua kufuli. Akasimama mlangoni, akasikiliza. Hakuna aliyemwuliza kitu. Alijiambia ndivyo inavyotakiwa, ingawa ilimuuma.

Akavua jaketi, akalitundika msumarini nyuma ya mlango ili lichuruzike maji.

Hapo akaona. Kiunoni, kushoto na kulia, pale abiria wa nyuma anapojishikilia kwenye mwendo, palikuwa na alama za viganja. Tope jekundu. Vidole vyote vimeonekana, vimekaza kitambaa hadi kimekunjamana. Vilikuwa viganja vidogo, vidogo sana, vya mtoto wala si vya mzee, na mvua yote ile haikuwa imevifuta.

Lile jaketi bado liko msumarini. Nimeliona kwa macho yangu, juzi, alipoliinua pembe kunionyesha. Kiangazi kizima kimepita na nyumba ina joto. Nikaweka kidole kwenye tope lile, nikakitoa haraka.

Lilikuwa bado bichi.